Nani Ataitikia? Mjadala wa Songwa juu ya Ngano, Nyimbo na Michezo

Ngano za Usukuma zinahitaji mkusanyaji, na zinamhitaji sasa. Hilo halina ubishi miongoni mwa sauti nne nilizoziweka hapa. Ubishi ni juu ya kitu gani hasa akusanye: maneno, muziki au mchezo, na akishakusanya, apeleke wapi. Mjadala nimeuweka Songwa, wilayani Kishapu, kwa sababu hoja zote zinakutana hapo. Mwadui na almasi yake iko jirani, mji wa Maganzo uko jirani, na vijana wa huko huenda Geita kufuata dhahabu na kurudi. Mavuno yakishaingia ghalani, ngoma za Bagika na Bagalu bado hushindana uwanjani. Lakini shikome, ule moto wa jioni ambao wakubwa kwa wadogo waliuzunguka kwa maongezi na hadithi, sasa ni wa kutafuta.

Wanaozungumza hawana majina, maana ni hoja nilizozipa midomo. Bibi ni mtambaji wa ngano. Kijana ana studio ndogo Maganzo, anarekodi kwaya na nyimbo za harusi, na amejifunza kutengeneza michezo ya simu. Mwalimu anafundisha shule ya msingi. Mtafiti amezeeka kwenye maktaba za kanda na santuri. Mimi nitaingilia pale ninapoona inafaa, na sitaficha niko upande gani.

KIJANA: Shikamoo, Bibi.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu. Sema haja yako.

KIJANA: Nataka nikurekodi ngano ya Masala Kulangwa. Studio yangu imetulia, kuta nimezibandika magodoro, kelele za barabarani haziingii. Utaisimulia mara moja tu. Nitaunganisha na muziki, itoke albamu. Baadaye nitatengeneza mchezo: mtoto anamwongoza Masala Kulangwa porini mpaka ampate Shing'weng'we amuue.

BIBI: Humo ndani ya magodoro, nani ataitikia?

KIJANA: Hakuna haja ya kuitikia, Bibi. Nitaweka sauti yako peke yake, isikike safi.

BIBI: Basi hutapata ngano. Utapata bibi kizee anayeongea peke yake.

Kwa msomaji asiyeijua ngano hii: zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote pamoja na ng'ombe wao. Mwanamke mmoja mjamzito alijificha kwenye lundo la makapi, akasalimika, akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza watu wengine wako wapi. Alipoambiwa, akaingia porini kulisaka zimwi. Akarudi na panzi: mama, ndiye huyu? Mama akasema siye. Akarudi na ndege, siye. Akaendelea hivyo na viumbe wakubwa zaidi, swali lile lile na jibu lile lile, mpaka alipomuua Shing'weng'we mwenyewe. Akampasua tumbo, watu wakatoka, na baba yake akiwa miongoni mwao. Lile swali na lile jibu ndipo wasikilizaji wanapoingia kwenye ngano. Anayerekodi mtambaji peke yake anaacha pengo katikati kabisa.

MTAFITI: Alichokisema Bibi kina ushahidi wa zamani. Mwaka 1870, Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Unguja, alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na wenyeji. Mojawapo ni ya Sultani Majinuni, aliyemtetea paka wake kila alipokula mifugo, mpaka paka akageuka Nunda, mla watu. Mtoto wa saba wa sultani akaenda kumsaka. Kila mnyama aliyemuua alimwimbia mama yake kwamba Nunda ndiye huyu, na mama akamjibu kwa wimbo kwamba siye.

KIJANA: Lo! Kumbe Masala Kulangwa alitoka pwani?

MTAFITI: Hapo sitakufuata. Misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ziwa ilipitisha watu pande zote mbili, na Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa ndio wapagazi wake. Nani alimsimulia nani, kando ya moto upi, hakuna wa kutuambia. Mimi natazama dibaji ya Steere. Anaeleza kwamba karibu hadithi zote zilikuwa na sehemu za kuimbwa ambazo wote waliokuwapo walijiunga. Anaona kuwa mifupa ya hadithi mara nyingi imo ndani ya nyimbo hizo, na msimulizi huijazia nyama kwa maneno yake mwenyewe papo hapo. Tena anasema nyimbo nyingine hata waimbaji wenyewe hawakuweza kueleza maana yake. Mtu aliyeyaona hayo yote akachapa maneno peke yake, bila sauti. Leo tunaweza kuusoma wimbo wa Nunda, lakini jinsi ulivyoimbwa mbele ya Steere hatuwezi kuuimba.

BIBI: Aliona, akaacha.

MTAFITI: Hakuwa na chombo, Bibi. Mashine ya kwanza ya kunasa sauti na kuirudisha ilitoka Marekani mwaka 1877, miaka 7 baada ya kitabu chake. Kijana huyu chombo anacho mfukoni, kwa hiyo yeye hana udhuru.

Hoja hiyo ya mifupa ndiyo inayonifanya niwe upande wa Bibi tangu mwanzo. Tumezoea kufikiri kwamba ngano ni kisa, na wimbo umewekwa kwa ajili ya kuchangamsha. Mkusanyaji anayefikiri hivyo huandika kisa kwa uangalifu, kisha akifika kwenye wimbo anaweka mabano na kuandika kwamba hapa wanaimba. Vitabu vingi vya hadithi tulivyosomea shuleni vina mabano ya namna hiyo.

MWALIMU: Naomba nimtetee Kijana kidogo. Redio Tanzania ilikuwa na kipindi cha Mama na Mwana. Debora Mwenda alikuwa studio Dar es Salaam, mbele ya kipaza sauti, na watoto wa nchi nzima walimsikiliza. Hakuwa na watoto wa kuzunguka moto wake, lakini ngano alizozisimulia watu wazima wanazikumbuka mpaka leo. Kwa hiyo chombo hakiui ngano, Bibi.

BIBI: Mlisikilizia wapi?

MWALIMU: Nyumbani. Sebuleni.

BIBI: Wangapi?

MWALIMU: Wote. Na watoto wa jirani walikuja.

BIBI: Basi. Redio ilikuwa moja, masikio mengi. Mama akikatiza kuuliza, mtajibizana. Simu ya huyu mjukuu wangu kila mtoto ana yake, na nyuzi masikioni. Mimi sina ugomvi na redio.

KIJANA: Bibi, Songwa hakuna nyumba ambamo kila mtoto ana simu yake. Simu ni ya baba, watoto watano wanaigombania.

BIBI: Hao watano nenda nao hivyo hivyo. Watengenezee mchezo ambao hauchezeki na mmoja.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo mjadala ulipopata njia. Tulikuwa tunagombania kurekodi au kutorekodi, na hilo si swali la kushughulisha watu wazima. Swali ni kama kilichorekodiwa kinamwachia msikilizaji kazi ya kufanya.

KIJANA: Ngoja niwaze kwa sauti. Narekodi ngano mara mbili. Mara ya kwanza Bibi yuko na watoto uani, wanaitikia, yote inaingia. Hiyo ni ya kujifunzia. Mara ya pili naondoa sauti za watoto, naacha nafasi tupu ya urefu ule ule. Anayesikiliza Geita au Kahama inabidi ajaze yeye. Kwenye mchezo, simu inasikiliza kwa kinasa sauti chake. Wakikaa kimya, Masala Kulangwa anasimama hapo hapo na panzi wake mkononi. Hasogei mpaka wajibu.

MWALIMU: Na wakijibu kwa kupiga kelele tu?

KIJANA: Simu itatambua mdundo. Si lazima maneno. Wakipiga makofi kwa mapigo ya wimbo, inatosha.

MWALIMU: Hapo sawa. Lakini kabla hujafika kwenye simu, mbona mnapita juu ya michezo iliyopo? Watoto wangu wakati wa mapumziko wanacheza kuku na mwewe. Mmoja ni kuku, wenzake wamepanga mstari nyuma yake wameshikana viuno, mwewe anarukaruka mbele akimtafuta kifaranga wa mwisho. Ile ni ngano, jamani. Mwewe alimwazima kuku wembe, kuku akaupoteza. Tangu siku hiyo kuku anachakura ardhi akiutafuta, na mwewe anachukua vifaranga kama malipo. Waulize watoto kisa cha wembe: wachache wanakijua. Mchezo wanaujua wote.

BIBI: Kumbe kisa kimewatoka, miguu imebaki.

MWALIMU: Ndivyo. Nikiwasimulia kisa, kesho yake uwanjani mchezo unabadilika. Kuku anaanza kuchakura. Mwewe anadai wembe wake kwa sauti kabla hajashambulia, na kuku anatoa visingizio. Sikuwafundisha, wameongeza wenyewe. Hivyo mimi nasema: anayekusanya aanze na mchezo, kisha autafutie ngano yake, avirudishe pamoja. Kinasa sauti hakitoshi hapo. Achore duara na mstari, aandike nani anasimama wapi, mchezaji akishikwa anakwenda wapi, na hasa watoto wanapobishana kuhusu kanuni aandike ubishi wote, kwa sababu kanuni za mchezo hujitokeza wakati wa ugomvi.

MTAFITI: Hilo maktaba nyingi hazina. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na gari lake la kurekodi, akanasa muziki wa Wasukuma na Wanyamwezi pamoja na makabila mengine mengi. Kazi hiyo ipo katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954, sasa iko Makhanda, Afrika Kusini. Ukisikiliza ndono, ule upinde wenye kibuyu, unasikia kila pigo la kijiti kwenye uzi. Lakini santuri haikuonyeshi waliokuwa wamekaa pembeni walikuwa wakifanya nini na miili yao. Frank Gunderson naye ametoa mwaka 2010 kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, mamia ya nyimbo, maneno ya Kisukuma na tafsiri. Ni hazina. Michezo ya watoto bado haijapata mtu wa kuifanyia kazi ya ukubwa huo.

KIJANA: Mimi huwa nafikiria jambo alilofanya Mrusi mmoja, Sergei Prokofiev, mwaka 1936. Aliwaandikia watoto wa Moscow hadithi ya Petro na mbwa mwitu, kila mhusika akapewa ala yake. Ndege ni filimbi, babu ni basuni, mbwa mwitu ni tarumbeta tatu za pembe. Mtoto akisikia ala anajua nani amekuja. Sisi tungeshindwaje? Sungura apewe zeze. Nungunungu apewe njuga, maana wawindaji wake wana ngoma yao tayari, bununguli. Shing'weng'we apewe ngoma kubwa kuliko zote zilizopo Bujora.

Wazo hilo nalipenda. Naliongezea tu kwamba Bujora pana funzo zaidi ya ngoma kubwa. Kituo hicho cha Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kilianzishwa katika miaka ya 1950 na padri David Clement kutoka Kanada, na ngoma za Wasukuma zikaingia kanisani wakati ambapo wamisionari wengine walizikataza. Mkusanyaji wa aina hiyo hakuweka ngoma kwenye kabati la kioo peke yake. Alizipa pia siku ya kupigwa. Sherehe ya Bulabo inaendelea hata leo, na washindani wa Bagika na Bagalu wanakwenda. Nyimbo na ngano zilizotumiwa na Kanisa zilipata kazi mpya. Padri Donald Sybertz wa Ndoleleji, hapa hapa Shinyanga, alikusanya methali na ngano pamoja na wenyeji, na katika kitabu alichoandika na Joseph Healey mwaka 1996 Masala Kulangwa amelinganishwa na Kristo mwokozi. Wapo watakaosema huko ni kuichukua ngano na kuibatiza. Mimi naona ni ngano iliyopata wa kuiitikia mahali pengine.

BIBI: Mjukuu wangu, huo mchezo wako unaishia wapi?

KIJANA: Akishampasua Shing'weng'we. Watu wanatoka, ushindi, muziki.

BIBI: Na sikio?

KIJANA: Sikio gani?

BIBI: Ona sasa. Alipokuwa anapasua tumbo, kisu kilimkata sikio bibi kizee aliyekuwa humo ndani. Wote wanashangilia, yeye anavuja damu. Akakasirika, akataka kumroga kijana aliyemwokoa. Ikabidi Masala Kulangwa atafute dawa, amponye sikio, amwombe radhi, wapatane. Ndipo watu wakamfanya mtemi wao. Hakufanywa mtemi kwa sababu ya kuua.

KIJANA: Hilo sikuwahi kulisikia. Niliyosimuliwa mimi iliishia kwenye tumbo.

BIBI: Aliyekusimulia alikuwa na usingizi, au wewe ulikuwa nao.

Natamani kila mtu anayetengeneza mchezo kutokana na ngano asome upya hapo. Michezo ya simu ina mazoea yake: adui anakufa, alama zinahesabiwa, mlango unafunguka. Ngano ya Wasukuma inaweka kazi ngumu kuliko zote baada ya adui kufa. Kuua zimwi kunataka ujasiri na masala, yaani akili. Kumtuliza mzee uliyemjeruhi huku ukimsaidia kunataka kitu kingine, na mchezaji atakayefika hapo akiwa amezoea kubonyeza kitufe cha kisu itabidi ajifunze kukiacha. Mtengenezaji mwenye kipaji angeona hapo mchezo mpya kabisa, usio na mfano kwenye simu za watoto wetu. Lakini ataipata wapi nusu hiyo ya pili kama mkusanyaji alizima kinasa sauti watu walipoanza kushangilia?

KIJANA: Basi hatua ya mwisho inakuwa kumtafutia bibi dawa. Na asipoombwa radhi, wale waliotoka tumboni wanaanza kuugua mmoja mmoja.

BIBI: Sasa unatamba.

MWALIMU: Tuzungumze mali ni ya nani. Mwaka 1947 ilitoka almasi ya waridi hapo Mwadui, Williamson, mwenye mgodi, akamzawadia Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Kila mtoto wa Kishapu anakijua kisa hicho, na hakuna aliyeiona almasi. Sitaki Bibi arekodiwe, kisha wajukuu zake wakitaka kumsikiliza walipie.

MTAFITI: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazitambua ngano, vitendawili, nyimbo na ngoma za jadi kuwa ni mali inayolindwa, na anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake anatakiwa aombe kibali. Lakini sheria inalinda ngano ya jamii. Usimulizi wa Bibi, kwa sauti yake na mpangilio wake, unahitaji makubaliano yake yeye mwenyewe, yaandikwe na asomewe kwa lugha anayoielewa. Jina lake liwe juu ya albamu, mbele ya jina la studio. Nakala moja ibaki kwake, nyingine shuleni, nyingine iende Bujora. Kanda za Redio Tanzania zimetufundisha hasara ya kuweka vyote chini ya dari moja: utepe wa sumaku unachakaa, na mashine za kuuchezesha zimekuwa adimu.

KIJANA: Mimi nakubali yote. Limebaki moja, nalo msinikasirikie. Mchezo utakuwa wa Kiswahili.

BIBI: Masala Kulangwa kwa Kiswahili?

KIJANA: Bibi, Geita si Songwa. Kwenye machimbo ya Nyarugusu utakuta Mzinza, Msumbwa, Msukuma, Mha na Mkurya kwenye shimo moja, na watoto wao wanacheza pamoja. Nikiweka Kisukuma kitupu, nusu yao nimewafungia mlango.

BIBI: Na ukiweka Kiswahili kitupu, wimbo unavunjika. Maneno ya wimbo yamekatwa kwa kipimo cha ngoma yake. Ukiyabadilisha hayaingii.

MTAFITI: Steere alikuta watu wa Unguja wakiimba maneno wasiyoweza kuyaeleza, na ngano haikuwashinda. Wimbo unaweza kubaki na lugha yake, masimulizi yakavaa Kiswahili.

MWALIMU: Mimi sikubaliani. Mtoto akiimba asichokielewa kwa sababu hana namna ya kukielewa, hiyo ni kasuku. Darasani kwangu wapo ambao wazazi wao wanazungumza Kisukuma lakini wao hawajui hata kutegewa kitendawili. Nikisema "Kalagu!" wananikodolea macho, hawajui kwamba wanatakiwa kujibu "Kize!" Wimbo ufundishwe na maana yake, polepole, au uachwe.

Hapo hawakupatana, na mimi sikutaka kuwapatanisha kwa nguvu. Moyo wangu uko kwa Mtafiti kuhusu albamu na kwa Mwalimu kuhusu darasa. Wimbo wa Kisukuma uachwe na Kisukuma chake popote utakapokwenda, Geita, Dar es Salaam au Toronto, na masimulizi ya Kiswahili yaubebe. Shuleni, ambako kuna muda na kuna mtu wa kuuliza, maana itolewe neno kwa neno kabla ya kuimba. Ngano moja inaweza kutoka kwa sura hizo mbili, na gharama ya ziada ni siku chache za kazi ya Kijana.

KIJANA: Tuanze lini?

BIBI: Pamba ikishauzwa. Sasa hivi watoto wako shambani.

MWALIMU: Mimi nitaleta darasa la tatu, na daftari la michoro.

MTAFITI: Na majina ya watoto watakaoitikia yaandikwe pia, kwa ruhusa ya wazazi wao. Kwenye kumbukumbu nyingi nilizopitia ameandikwa mwimbaji, ameandikwa mpiga ngoma, halafu wengine wote wanaitwa "kundi".